Mtajua la Kufanya

Yule mtu hakubisha hodi. Nilikuwa nimeinama kwenye benchi nikiipiga msasa kalibu ya plasta, vumbi jeupe limenijaa hadi kwenye nyusi, nikasikia mlango wa karakana unasukumwa, kisha tepu ya chuma inavutwa, krrr. Kuinua macho, namwona mwanamume nisiyemjua, shati lake limenyooka kama limetoka dukani, anapima upana wa mlango wetu. Alipomaliza akapita kando yangu kana kwamba mimi ni stuli, akaenda moja kwa moja hadi kwenye oveni, akaipima nayo.

"Itapita," akawaambia watu wawili waliosimama nje karibu na pikapu. "Mkiilaza kidogo tu, itapita."

"Samahani, kaka," nikasema, "nikusaidie nini?"

"Usijisumbue, dada. Hawa wana nguvu."

Mjomba akatoka chumba cha nyuma akijifuta mikono. Ndiye fundi mkuu wetu. Si mjomba wa mtu yeyote pale, lakini hata daktari mfawidhi humwita hivyo. Karakana yetu ni ya miguu ya bandia, imebanwa nyuma ya hospitali kati ya jiko na chumba cha kufulia, na tuko wawili tu: yeye, na mimi niliyemaliza chuo mwaka huu na bado najitolea nikingoja barua ya ajira.

"Bwana," akasema Mjomba, "hiyo inakwenda wapi?"

"Makao makuu. Jumatatu tunafungua maonyesho ya ubunifu. Kila kituo kinatoa kifaa kimoja cha kuvutia."

"Cha kuvutia?" Mjomba akaitazama oveni. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa waya tangu bawaba ing'oke. "Hii imvutie nani?"

"Tutaipaka rangi."

Nikajaribu kumweleza, tena kwa upole, kwa sababu bado niliamini kwamba mtu akielezwa vizuri ataelewa. Nikamwambia kwamba mguu wa bandia unaanza na kikombe, yaani sehemu ile ya plastiki ambamo mtu huingiza kigutu chake. Kikombe hutengenezwa kwa kulipasha moto bamba la plastiki hadi lilainike kama chapati mbichi, halafu unalifunika juu ya kalibu iliyochukuliwa kwenye mwili wa mtu mwenyewe. Bila oveni hakuna kulainika, na bila kulainika hakuna mguu. Nikamwonyesha kalibu iliyokuwa mikononi mwangu. Nikamwambia mwenye kigutu hiki ameketi hapo nje kwenye korido, na Jumatatu anatakiwa kazini.

Alinisikiliza. Nitamtendea haki, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akatabasamu.

"Nyinyi si ndio wabunifu wenyewe? Mtajua la kufanya."

Nadhani alidhani ametusifu.

Oveni ikalazwa, ikapita. Kwenye korido, mwenye kigutu kile, ambaye nilimwita Dada tu, alikuwa amekaa na magongo yake yameegemea ukutani. Alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha dobi, mtu mzima kuliko mimi, mwenye sauti ya kuchelewa kukasirika. Lori lilikuwa limemgonga akienda kazini, mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Aliifuata oveni kwa macho hadi ikapotea mlangoni.

"Mdogo wangu," akaniita, "ile si oveni yangu ile?"

Nikajifuta vumbi la plasta usoni.

"Nakuuliza. Si ile uliyosema itapika mguu wangu leo?"

Mjomba akakaa kando yake, akamweleza. Dada akatikisa kichwa polepole. Alitwambia tena kile tulichokuwa tunakijua: msimamizi wake ametuma ujumbe kwamba amemshikia nafasi yake hadi Jumatatu asubuhi. Asipokuwepo mezani amesimama, anawekwa mtu mwingine.

"Lakini pasi si mtu anaweza kupiga amekaa?" nikasema. Nilikuwa nimeliuliza swali hilo moyoni wiki nzima.

"Nilimwambia. Akasema meza haikutengenezewa watu wa kukaa."

"Basi wakate miguu ya meza!"

Dada akanitazama, kisha akaangua kicheko ambacho sikukitegemea. "Mimi nimekatwa mguu, na meza nayo ikatwe? Kiwanda kizima kitabaki na nini kilichosimama?"

Mjomba akacheka hadi akakohoa. Mimi sikuweza. Nilikuwa na hasira. Chuoni tulikuwa na mhadhara mzima kuhusu fikra ya kutafuta njia: usitazame ulichokosa, tazama ulichonacho. Niliupenda sana mhadhara ule, niliuandika kwenye karatasi nikaubandika juu ya kitanda changu. Hakuna aliyenifundisha kwamba atakuja mtu kuchukua ulichonacho, kisha akuambie maneno yale yale akiwa anapakia kwenye pikapu.

Mchana ule Mjomba alipiga simu makao makuu. Akapokewa na mtu wa kwanza, akapelekwa kwa wa pili, wa pili akamrudisha kwa wa kwanza. Mwishoni akaambiwa aandike barua, itajadiliwa.

"Nijibuni swali moja," nikasema alipokata simu. Nilikuwa nazunguka pale ndani nikipiga teke vipande vya plasta. "Ile oveni ilikuwa inatufanyia nini hasa?"

"Msomi, umeanza," akasema Mjomba. Hivyo ndivyo alivyoniita, na ilitegemea siku kama ni sifa au kejeli.

"Nauliza kweli, Mjomba."

"Ilikuwa inatupa moto. Nini tena?"

"Moto tu?"

"Moto wa kutosha, unaozunguka pande zote. Basi."

"Basi tumenyang'anywa moto. Hatujanyang'anywa kitu kingine. Nani mwingine mjini ana moto wa namna hiyo?"

Dada hakuwa ameondoka. Alikuwa ameingia akakaa kwenye stuli yangu. "Sisi tuna pasi," akasema.

"Utapiga pasi mguu wako mwenyewe?" Mjomba akamwuliza.

"Nimepiga pasi mashuka ya watu wote wa mji huu, mguu wangu utanishinda?"

Tukaanza kutaja. Wahunzi wa kule sokoni: moto wao ungeliyeyusha bamba kabla hatujapepesa macho. Jiko la hospitali: masufuria na mvuke, hapana. Gereji: wana bomba la kutoa moto, lakini linachoma sehemu moja na kuiacha nyingine. Kisha harufu ya mkate ikaingia dirishani, kama inavyoingia kila siku, na sote watatu tukatazamana.

Mama Mikate alikuwa na duka la kuoka ng'ambo ya barabara. Alinisikiliza huku mikono yake ikiendelea kukata donge.

"Plastiki," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Kwenye oveni yangu."

"Ndiyo, Mama. Tutasafisha vizuri sana."

"Binti, nakuheshimu. Umesoma, unavaa koti jeupe, wazazi wako nadhani wanajivunia. Lakini mkate wangu ukinuka ndoo siku moja tu, wateja wote watahamia kwa yule mwizi wa hamira pale kona. Hapana."

Nikashukuru, nikageuka. Nilifika mlangoni kabla hajaniita.

"We binti. Ni mguu wa nani?"

Nikamwambia.

"Yule anayepiga pasi? Aliyegongwa na lori?" Akaacha kukata. Akaitazama oveni yake mpya ya umeme, akaitazama dari, akajifuta mikono kwenye aproni kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyeliendesha lile lori. "Nyuma kule uani kuna tanuri la zamani la kuni. Tangu ninunue hii sijaliwasha, sitaoka tena ndani yake. Kuni mtaleta wenyewe. Na msinisumbue kabla mikate ya asubuhi haijatoka."

Kesho yake, Jumamosi, mikate ilipotoka, tulikuwa tumeshakusanya mbao za makasha ya dawa zilizotupwa nyuma ya stoo. Tukaliwasha tanuri, tukangoja mbao ziwe makaa, tukayasukuma pembeni. Tulikuwa na mabamba mawili tu ya ukubwa ule. Kipimajoto hatukuwa nacho, kilikwenda na oveni, lakini plastiki yetu ina uungwana wake: ikiwa baridi ni nyeupe kama maziwa, ikiiva inakuwa angavu kama kioo. Ukiiona trei iliyo chini kupitia bamba, toa.

Tukaliona linaiva. Upande wa makaa ulitangulia, Mjomba akaizungusha trei kwa kijiti kirefu cha kutolea mikate, na upande wa pili ukafuata. Tukapiga kelele kama watoto. Kisha tukavaa glavu nene, tukaibeba trei, tukatoka mbio kuvuka barabara kurudi karakana.

"Pisha! Pisha! Moto!" Mjomba alikuwa mbele.

"Mmepika nini hicho?" mtu mmoja akatuuliza akikimbia sambamba nasi, amenyoosha shingo. "Kinauzwa?"

Tulipofika kwenye kalibu, kingo za bamba zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeupe. Tulilivuta hivyo hivyo juu ya plasta. Likakunjamana kama shuka lililolaliwa na mgonjwa wa homa, likagoma kushuka, likagandia pale likiwa na makunyanzi. Mjomba akaligonga kwa kidole. Likatoa sauti ya sahani.

Nililitazama lile bamba lililoharibika, na nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Kwa nini tunakimbia barabarani na plastiki ya moto kama wezi wa sufuria? Nani ameona ni sawa? Kule makao makuu, saa ile ile, watu walikuwa wanaipaka oveni yetu rangi.

"Msomi," Mjomba akasema taratibu, "kwa nini tumelileta bamba hapa?"

"Kwa sababu kalibu iko hapa."

"Na kalibu iko hapa kwa nini?"

Nikajifuta macho. Kalibu ilikuwa imefungwa kwenye bomba la pampu, ile pampu inayofyonza hewa ili plastiki ilikumbatie umbo la plasta bila kuacha nafasi. Na pampu ilikuwa imefungwa ukutani. Tangu Mjomba aajiriwe, bamba ndilo limekuwa likiifuata kalibu, kutoka oveni hadi pampu, hatua chache tu. Tulikuwa tumeibeba tabia hiyo hiyo hadi ng'ambo ya barabara bila kujiuliza.

Sote tukageuka kuitazama pampu. Juu yake kulikuwa na kibandiko: MALI YA MAKAO MAKUU. NI MARUFUKU KUHAMISHA.

"Wao wamehamisha oveni," akasema Mjomba, akaenda kuchukua spana.

Uani kwa Mama Mikate tuliifunga pampu juu ya kasha, tukaisimika kalibu hatua moja kutoka mdomo wa tanuri. Waya wa umeme tuliuvuta kutoka jikoni kwake. Pampu ilipowaka tu, mashine yake ya kukanda unga ikazimika.

"Haziwezi kuwaka zote," Mjomba akasema. "Samahani sana, Mama."

Mama Mikate akaitazama mashine yake, donge la jioni limesimama katikati. "Unga wangu utangoja," akasema. "Endeleeni, na mfanye upesi."

Bamba la pili likaiva. Safari hii hatukukimbia. Tulilinyanyua, tukageuka, likashuka juu ya plasta kwa uzito wake lenyewe, laini, tukaunganisha kingo kwa vidole, Mjomba akafungua vali, na pampu ikavuta. Tukaliona linaishika kalibu: goti, mfupa wa mbele, kile kibonde kidogo nilichokisawazisha kwa msasa siku nzima. Halafu taratibu likarudi kuwa jeupe, na sasa lilikuwa umbo la Dada.

"Huo ndio mguu wenyewe?" Mama Mikate aliuliza. Alikuwa amekuja kusimama nyuma yetu bila sisi kujua.

"Bado, Mama. Hicho ni kikombe chake. Mguu tunaunganisha leo."

"Sasa ondoeni hilo dude lenu, mashine yangu iwake," akasema, lakini alikuwa anajifuta shavu kwa mkono wenye unga.

Jumapili Dada aliuvaa. Tulimsimamisha katikati ya vyuma viwili vya kujishikia, akaweka uzito kidogo, akauondoa, akauweka tena. Nikapiga magoti kukaza skrubu ya kifundo, akatembea. Mwanzo alitembea kama mtu anayevuka kwenye tope, baadaye kama mtu aliyekosea ngazi, na kabla ya saa sita alikuwa anaachia chuma kimoja. Angestahili wiki mbili za kufundishwa. Alikuwa na mchana mmoja.

Alipokaa kupumzika akanivuta mkono.

"Mdogo wangu, nikwambie kitu, usinicheke. Mguu siuogopi. Naogopa pale mlangoni. Kuna ngazi, na wote watakuwa wamesimama wananitazama wapate kuona kama nitaanguka. Yule msimamizi na saa yake." Akatazama chini. "Kesho uje utembee na mimi. Usinishike. Uwe tu pale kando mpaka nifike kwenye meza yangu."

"Nitakuja," nikasema. "Mpaka mezani."

"Kweli?"

"Kweli, Dada."

Simu ilipigwa jioni, tukifagia. Ilikuwa ya mkurugenzi mwenyewe wa makao makuu, na alikuwa na furaha.

"Nimesikia habari zenu!" akasema. Sijui nani alimwambia, labda yule aliyetuuliza kama kinauzwa. "Tanuri la mikate! Ajabu! Hicho ndicho tunachokihubiri. Kesho asubuhi uje makao makuu, mgeni rasmi atapita kwenye banda letu, wewe utamsimulia. Usimame kando ya oveni, umwonyeshe hii, kisha umwambie mliweza hata bila hii."

"Mkurugenzi, oveni itarudi lini?"

Akacheka. "Sasa itarudi ya nini? Si mmeshaonyesha mnaweza? Hata kwenye bajeti nimesema, tazameni kituo kile, hawaombi, wanatafuta njia."

Nikashika ufagio kwa nguvu hadi vidole vikauma. Hivyo ndivyo walivyotufanya. Kila tulichokiokoa kwa jasho wangekihesabu kama kitu ambacho hatukukihitaji. Unga wa Mama Mikate uliolala, mbao za makasha, bamba lililoharibika barabarani, machozi yangu, vyote vingesimama kwenye banda lao vimepakwa rangi.

"Mkurugenzi, bamba moja liliharibika. Yale mengine mawili ya stoo ni madogo, ya watoto. Na tanuri si letu. Anayekuja wiki ijayo hatuna cha kumpa."

"Mtajua la kufanya. Sikiliza, binti. Faili lako la ajira liko mezani kwangu, na wanaogombea nafasi ile ni wengi. Kesho nataka nikuone. Saa mbili kamili."

Mjomba alikuwa amesikia kila kitu, simu yangu ina sauti kubwa.

"Nenda," akasema. "Nitatembea naye mimi."

"Magoti yako hayapandi hata ngazi za hapa, Mjomba."

"Basi nitamngoja chini nimpigie makofi. Msomi, usifanye mchezo. Ajira haiji mara mbili."

"Nilimwahidi mimi."

"Atakuelewa."

"Najua atanielewa. Ndiyo maana naumia."

Usiku ule niliibandua ile karatasi ya mhadhara juu ya kitanda changu. Sikuichana. Nilichukua kalamu nikaongeza mstari mmoja chini yake: *na umwulize aliyechukua.* Nikairudisha ukutani. Bado naamini kwamba mtu anaweza kutafuta njia mahali pasipo na njia, nimeona kwa macho yangu ikitokea uani kwa mwoka mikate. Kitu nilichokataa kuanzia siku ile ni kumshukuru aliyeifunga njia.

Jumatatu asubuhi Dada alikuwa amenitangulia. Alisimama kwenye kona ya kiwanda cha dobi akiwa na gongo moja tu, kiatu kipya kwenye mguu mpya, gauni la kazi limepigwa pasi hadi linaweza kusimama lenyewe.

"Nilifikiri hutakuja," akasema. "Mjomba alinipigia. Alinieleza kuhusu kazi yako."

"Mjomba ana mdomo."

"Mdogo wangu, rudi. Bado utawahi."

"Twende, Dada."

Tukaenda. Yeye upande wa ukuta, mimi upande wa barabara, kwa mwendo wake. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwangu tulipofika langoni, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Ngazi zilikuwa pale, na juu yake wafanyakazi wenzake wamesimama wamejipanga. Msimamizi alikuwa mlangoni anaitazama saa yake, sawasawa na Dada alivyosema.

Dada akaweka mguu wa kulia kwanza. Kisha wa kushoto. Kwenye ngazi ya katikati akayumba, na mkono wangu ukatoka wenyewe.

"Usinishike," akasema kwa meno yaliyofungwa.

Nikauweka mkono nyuma ya mgongo wangu. Akajisimamisha, akavuta pumzi, akapanda. Mmoja kule juu akapiga kigelegele, wengine wakafuata, na msimamizi akalazimika kusogea apishe.

"Wewe nani?" akaniuliza mimi. "Wageni hawaruhusiwi ndani."

"Mimi ni fundi wake."

"Fundi wa nini? Hapa hatuna mashine mbovu."

"Wa mguu," nikasema. "Nafika mezani, natoka. Na ukipata nafasi, mtafutie stuli. Meza yenu si takatifu."

Sijui nguvu ile ilitoka wapi. Akaitazama tena saa yake. Tukapita katikati ya mvuke na marundo ya mashuka hadi meza ya mwisho karibu na dirisha. Dada akaegemeza gongo, akashika ukingo wa meza, akasimama. Akachukua pasi, akalowesha kidole kwa mate, akaigusa chini kwa haraka. Ikalia, tss. Akalitandaza shuka la kwanza.

Simu ikatetemeka mfukoni tena.

"Nenda sasa," akasema bila kuinua macho kwenye kazi. "Utachelewa."

"Nimeshachelewa, Dada," nikasema, na nikangoja hadi alipolikunja shuka lile, nikatoka.